Fito Mia Tatu za Bustani ya Heshima

Iko nchi moja ambayo haina haja ya kutajwa jina, maana wananchi wake ni watu wapole na hawapendi kusumbuliwa. Haipakani na nchi yetu, haifanani na nchi yetu, na yeyote atakayedhani ameiona kupitia dirisha la nyumba yake, basi akalifute dirisha.

Katika nchi hiyo kila kitu husimama wima. Nguzo za umeme zimesimama wima, ingawa umeme wenyewe hupita kwa nadra. Watumishi wa serikali husimama wima wasikiapo simu ya mkubwa, hata kama simu imelia ofisi ya jirani. Chanzo cha yote hayo ni siku moja ya zamani, kiongozi wao, Baba Mlezi, aliposimama ghafla katikati ya mkutano na gavana wa kikoloni. Vitabu vya shule vinasema alisimama kudai uhuru. Waliokaa karibu naye walisema mguu wake ulikuwa umekufa ganzi, lakini hao hawakuandika vitabu. Siku hiyo huadhimishwa kila mwaka kwa jina la Siku ya Kusimama, na jambo kubwa la maadhimisho ni matembezi ya Baba Mlezi katika Bustani ya Heshima.

Mtunzaji wa bustani hiyo alikuwa Mzee Maganya, mwaka wa thelathini na mmoja sasa. Aliishi na mkewe, Bi Sikitu, aliyemwita Baba Kalunde, katika nyumba ndogo nyuma ya bustani, na fahari yake ilikuwa dalia mia tatu alizozipanda kwenye kingo mbili za njia kuu.

Dalia, kwa asiyelijua, ni ua lenye tamaa. Hurefuka hadi kumpita mtu, kisha hufungua kichwa kipana kama sahani ya wali, na mzigo wote huo huubeba juu ya shina lenye uwazi ndani kama mrija. Bila kushikizwa haliwezi. Mzee Maganya alilijua hilo kama alivyojua jina lake. Kila mwaka alichomeka kwanza ufito wa mwanzi, ndipo akalaza kiazi cha dalia pembeni yake na kukifukia. Mmea ulipopanda, aliufunga kwenye ufito kwa vipande vya kanga kuukuu za Bi Sikitu, kwa kuvizungusha mfano wa tarakimu nane, legelege, kidole kiweze kupita kati ya shina na kitambaa. Kwa miaka thelathini hakuna aliyemwambia kwamba jambo hilo linahitaji kibali.

Mwaka wa thelathini kitambaa kimoja kilikatika. Baba Mlezi akiwa anapita, dalia moja likainamisha kichwa. Baba Mlezi akasimama, akauliza, "Huyu ana nini?" Akaendelea na matembezi, na yamkini alipofika kwenye chai alikwisha kusahau.

Lakini swali la Baba Mlezi haliachwi njiani kama mtoto asiye na wazazi. Mwisho wa mwezi lilikuwa kamati. Baada ya miezi miwili likawa tume. Kabla ya mvua kuanza lilikuwa Wizara ya Mihimili, yenye waziri mmoja, makatibu wakuu wawili, wafanyakazi mia nne na kumi na wawili, na jengo la ghorofa tisa ambalo limelalia kidogo upande wa mashariki, ila kipimo chake ni siri ya taifa.

Kazi ya kwanza ya wizara ilikuwa kukusanya fito zote nchini na kuziweka katika Bohari Kuu, ili zigawiwe kwa utaratibu. Walipozichukua za Mzee Maganya walimpa stakabadhi nzuri yenye mhuri wa rangi mbili.

Msimu wa kupanda ulipofika, Mzee Maganya alikaa mezani, akaandika barua kwa mwandiko wake wa kulala upande mmoja, akaomba fito mia tatu. Jibu lilikuja baada ya wiki tano, dalia zikiwa zimekwisha kuchomoza. Alimsomea mkewe kwa sauti.

"'Wizara imesikitika kuona kwamba unatarajia maua ya taifa yataanguka. Ua lililosimama halihitaji ufito; kuliombea ufito ni kulisingizia. Unakumbushwa kwamba kutabiri anguko, liwe la ua au la chochote kingine, ni kosa. Ombi lako liletwe tena pindi kila ua litakapokuwa limeinama nyuzi kumi na tano, kwa ushahidi wa Mkaguzi wa Pembe.'"

Bi Sikitu alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso. "Sasa, Baba Kalunde, ua likiisha kuinama kiasi hicho si limekaribia kuvunjika?"

"Limekaribia."

"Na likivunjika, ufito wa nini?"

"Wa kumbukumbu," alisema Mzee Maganya, akaikunja barua.

Aliandika ya pili, akaandika na ya tatu. Zote zilijibiwa kwa maneno yale yale, ila ya tatu ilikuwa na salamu za heri.

Mkaguzi wa Pembe aliitwa Ndekeja. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye adabu, aliyekuja kila Jumanne na kipimapembe kikubwa kama ungo. Hulala kifudifudi kwenye udongo, hufumba jicho moja, kisha husoma namba kama mtu anayetoa habari ya msiba.

"Kumi na mbili."

"Bwana Ndekeja, si ungeongeza tatu tu?"

"Mzee wangu, unanitaka niidanganye serikali?"

"Basi kaa tunywe chai. Tusubiri upepo."

Wakakaa, wakanywa. Upepo ukaja, tena bila haraka, kama mtu aliyealikwa. Dalia likaegemea. Ndekeja akalala tena kifudifudi.

"Kumi na tisa," alisema. "Pole, mzee. Limepita."

"Limepita wapi? Si mlitaka kumi na tano?"

"Kumi na tano mpaka kumi na saba ni kuinama. Kumi na nane na kuendelea ni kuanguka, na kuanguka si idara yetu. Hiyo ni ghorofa ya saba. Wao huhoji."

"Humhoji nani?"

"Huanza na ua," alisema Ndekeja, akijipangusa magoti. "Likikaa kimya, ndipo huja kwa mtunzaji."

Mzee Maganya akafanya yale ambayo mikono miwili inaweza kuyafanya. Alipandishia udongo kwenye mashina. Alimwagilia asubuhi tu, tena chini kabisa, ili vichwa visinywe maji vikawa vizito. Alikata kila ua lililonyauka siku hiyo hiyo, maana ua bovu halipunguzi uzito kwa sababu ya kufa. Na dalia, kwa kutojua sheria, ziliendelea kurefuka.

Siku kumi kabla ya maadhimisho, Waziri wa Mihimili mwenyewe, Mheshimiwa Dokta Lukelelwa, alifika bustanini. Alifuatana na shemeji yake, mtu mnene wa miwani myeusi mwenye kiwanda cha saruji, na nyuma yao watu wanne waliobeba dalia moja kwenye machela. Lilikuwa la saruji, limepakwa rangi nyekundu.

"Haliombi maji," alisema yule shemeji, akilipiga kofi la mgongoni. "Haliombi mbolea. Na kuinama halijui."

Mzee Maganya alilizunguka mara moja. "Nyuki watafuata nini hapa?"

"Nyuki nao tutawamwaga kwa saruji," alisema shemeji. "Tuna kalibu."

Mheshimiwa alimshika Mzee Maganya begani. "Mzee wangu, mimi sina ugomvi na maua. Nina ugomvi na ua litakaloinama mbele ya Baba Mlezi. Likiinama hata moja, Jumatatu asubuhi tunang'oa yote na kumwaga saruji njia nzima. Wewe kazi hupotezi, serikali haina roho mbaya. Utapewa brashi na ndoo ya rangi."

Siku hiyo Mzee Maganya hakumaliza chakula. Bi Sikitu alimtazama, akasogeza sahani kando.

"Wamesema nini?"

"Nitakuwa mpaka rangi."

"Rangi gani?"

"Nyekundu."

"Miaka thelathini na moja," alisema Bi Sikitu, "na hata rangi hawakukuuliza." Akainua sahani. "Kule nyuma nimeweka kanga tatu zilizochakaa. Sizitupi bado."

Ndekeja, ambaye hakuwa mtu mbaya bali mtu wa namba tu, aligundua kwamba akija alfajiri kabla ya upepo kuamka, dalia nyingi husoma kumi na sita. Akazipitisha zote kwa siku mbili. Hivyo, zikiwa zimebaki siku nne, lori la Bohari Kuu likaingia bustanini na fito mia tatu zilizopigwa msasa, na nyuma yake ikaja bendi, zikaja kamera, na Mheshimiwa akashuka na nyundo iliyopakwa rangi ya dhahabu.

"Wananchi," alisema, "wapo waliosema fito hazitafika. Leo naona aibu kwa niaba yao. Fito ni uti wa mgongo wa ua, na ua ni uti wa mgongo wa bustani, na bustani ni uti wa mgongo wa maendeleo. Kwa hiyo ufito huu ninaoushika ni mgongo wa taifa zima." Akausimika kando ya dalia namba moja, kwenye mlango wa bustani.

"Mheshimiwa," alinong'ona Mzee Maganya, "hapo chini kuna kiazi. Ufito huwekwa kwanza, kiazi baadaye. Sasa kimekwisha kutanuka."

"Mzee, nina shahada tatu," alijibu Waziri kwa upole, akagonga.

Ufito ukaingia kwa mlio laini, kama kisu kwenye muhogo uliochemshwa. Watu wakapiga makofi. Mzee Maganya peke yake ndiye aliyefumba macho.

Kesho yake alasiri dalia namba moja lilikuwa limening'inia kama soksi kwenye kamba. Mheshimiwa akarudi, safari hii bila bendi. Alimtazama marehemu kwa muda mrefu, akavua miwani, akauliza swali ambalo wizara yake haikuwahi kumwuliza mtu mwenye udongo mikononi.

"Sasa tufanyeje?"

"Tungezichomeka wakati wa kupanda."

"Wakati wa kupanda ulikuwa lini?"

"Miezi minne iliyopita."

"Hakuna namna ya kuupata tena?"

Uvumilivu wa Mzee Maganya, uliokuwa umefungwa kwa kitambaa chembamba, ukakatika hapo. "Basi, Mheshimiwa, labda watu waingie humo ndani wayashike kwa mikono."

Alisema kwa uchungu, kama mtu anavyomjibu anayetaka kununua mwezi. Lakini Mheshimiwa alikwisha kutoa kalamu, na alikuwa anaandika.

Mpango ule uliitwa Mihimili Hai. Wafanyakazi mia mbili tisini na tisa wa wizara waliamriwa kuvaa kijani na kuripoti bustanini, wenye shahada wakae mbele. Nafasi ya dalia namba moja ilijazwa na lile ua la saruji, kwa ruhusa ya shemeji, ambaye alisema yuko tayari kulisaidia taifa.

Mzee Maganya alipewa siku mbili kuwafunza. Aliwapanga wamechuchumaa, kila mmoja nyuma ya shina lake, na kwa mara ya kwanza maishani akajikuta anaamrisha ghorofa tisa kwa pamoja.

"Vidole viwili tu. Shubiri moja chini ya ua. Usiliminye, Bwana Mkurugenzi, hilo si mkono wa mkeo unayemkataza kutoka."

"Mzee, kuna siafu," alilalamika mmoja wa makatibu wakuu.

"Wapo, Katibu Mkuu. Wanakaa hapa tangu zamani. Wewe ndiye mgeni."

"Nikikohoa je?"

"Ua likikohoa, bwana, tutapaka rangi sote."

Siku ya Kusimama ilianza kwa manyunyu. Vichwa vya dalia vikanywa maji, vikawa vizito maradufu, na chini ya majani mikono mia mbili tisini na tisa ikaanza kutetemeka hata kabla ya mgeni kufika. Mzee Maganya alisimama mwisho wa njia, amevaa koti lake la harusi. Kwa kweli bustani ilikuwa nzuri. Nyekundu, zambarau, manjano ya kiini cha yai, zote zimesimama kama hazijawahi kuwa na shida. Akazitazama kama mtu anayetazama nyumba yake huku gari la mizigo linangoja nje.

Baba Mlezi akaja polepole, akifuatwa na Mheshimiwa na msururu wa wakubwa. Alipofika katikati ya njia akasema amechoka. Akaletewa kiti, akaketi, na akiwa ameketi akatoa hotuba juu ya faida za kusimama. Ilichukua saa mbili na robo.

Katika saa ya kwanza dalia zilitikisika kidogo. Katika saa ya pili zilitikisika sana, ingawa hapakuwa na upepo.

"Mbona yanatetemeka?" aliuliza Baba Mlezi.

"Ni furaha," alisema Mheshimiwa Dokta Lukelelwa, jasho likimtoka.

Hotuba ikaisha. Mzee Maganya alikuwa ameanza kuvuta pumzi, wakati mkuu wa bendi, ambaye hakuna aliyekumbuka kumwambia lolote, alipoinua fimbo yake na kuanzisha Wimbo wa Taifa.

Sasa, sheria ya nchi ile juu ya wimbo huo ni fupi kuliko sheria zote. Ukiusikia unasimama, mikono ubavuni, mahali popote ulipo, hata ukiwa unaoga. Adhabu yake ni ndefu. Na watu waliochuchumaa bustanini walikuwa watumishi wa umma. Sheria hiyo haikukaa kichwani mwao, ilikaa kwenye magoti.

Wakasimama. Wote mia mbili tisini na tisa waliibuka kutoka kwenye maua kwa mkupuo mmoja, wana majani kichwani na siafu shingoni, wakanyoosha mikono ubavuni. Na dalia mia mbili tisini na tisa, zilizojaa maji na zisizo na mtu, zikainama kwa pamoja, taratibu, hadi vichwa vikagusa njia.

Bendi ikamaliza ubeti, ikanyamaza yenyewe. Mzee Maganya aliiona brashi. Aliiona waziwazi, na ndoo yake, na kipini chake kilichopasuka.

Baba Mlezi alikuwa ameshika mikono ya kiti. Akatazama kulia, akatazama kushoto.

"Kumbe," alisema.

Akaegemea mbele kitini.

"Miaka yote hii napita hapa, na maua yananitazama machoni kama askari wa barabarani. Leo yamenisalimu." Akatoa leso, akajifuta jicho. "Watu wamesimama kwa ajili ya taifa, maua yameinama kwa ajili yangu. Nani amepanga jambo hili?"

Mheshimiwa Dokta Lukelelwa alisogea mbele. "Ni wizara, Baba."

Baba Mlezi akainuka, akatembea kurudi mlangoni huku akiitikia salamu za dalia mojamoja kwa kutikisa kichwa. Alipofika namba moja akasimama. Lile ua la saruji lilikuwa wima kama siku ya kwanza.

"Na huyu?" alisema. "Huyu ni wa nani, asiye na adabu?"

Kila mtu akamtazama kila mtu. Mzee Maganya alitazama tu miwani myeusi ya shemeji, ambayo ilikuwa inarudi nyuma hatua kwa hatua kuelekea magari. Kabla ya jua la mchana, watu wanne walilibeba ua lile kwenye machela ile ile, na safari hii walilifunika.

Wiki iliyofuata Wizara ya Mihimili ikageuzwa kuwa Wizara ya Adabu za Mimea, chini ya waziri yule yule, jengo lile lile, likizidi kulalia mashariki. Maua ya saruji yakapigwa marufuku kwa sababu ya kiburi. Na sheria mpya ikatungwa: kila dalia la taifa litainama Siku ya Kusimama, mbele ya Baba Mlezi, na si siku nyingine. Ua litakaloinama siku moja kabla litahesabiwa kuwa limemwinamia mtu mwingine.

Wataalamu walikaa miezi mitatu wakitafuta namna ya kulizuia ua lisiiname kabla ya wakati wake. Ndipo wakagundua fito.

Hivyo msimu wa kupanda ulipofika, kabla Mzee Maganya hajalaza kiazi hata kimoja, lori likaingia na fito mia tatu, na juu ya mzigo aliketi Ndekeja na kipimapembe chake.

"Mzee wangu, hongera. Zimekuja mapema." Akatoa karatasi. "Ila utie sahihi hapa, kwamba hukuwahi kuziomba. Wazo ni la Mheshimiwa."

Mzee Maganya aliisoma karatasi mara mbili. Alikumbuka barua zake tatu, mwandiko wake mzuri, na alama za vituo alizozihangaikia. "Niliziomba," alisema. "Tena kwa wino."

Bi Sikitu alikuwa amesimama mlangoni, bakuli la vipande vya kanga mkononi. "Tia sahihi, Baba Kalunde. Dalia hazijui kusoma."

Mzee Maganya akaisoma karatasi kwa mara ya tatu. Kisha akaichukua kalamu, akatia sahihi kubwa kupita nafasi iliyoachwa, akaenda kuchagua ufito ulionyooka. Akauchomeka. Akalaza kiazi pembeni yake, jicho la kuchipua likitazama juu, akafukia kwa viganja viwili.

Ndekeja alimfuata na daftari. "Nimeagizwa niulize kitu kimoja, mzee. Hiyo siku yenyewe ikifika, tutayafanyaje yainame?"

"Utakata kitambaa."

"Basi?"

"Basi. Kitu chochote kirefu, bwana, ukikiondolea ufito kinainama."

Kalamu ya Ndekeja ilisimama katikati ya mstari. "Chochote?"

"Mimi nazungumzia dalia," alisema Mzee Maganya, akanyoosha mkono apewe kiazi cha pili.

Ndekeja alitazama kulia, akatazama kushoto, akafunga kalamu yake. Hilo hakuliandika.